Sanduku la Telesia

Mpwa wangu Pesamino alikuwa na bwana mmoja ndani ya simu. Bwana mwenyewe ana misuli, gari jekundu na maneno mengi, na kazi yake ni kuwafundisha vijana uanaume. Eti mwanamume hupikiwa, hutengewa, na mwanamke hana la kumwambia. Kijana alimeza yote bila kutafuna.

Jumamosi, mbele ya binamu zake, akamwamuru dada yake Telesia amletee chai na ampigie shati pasi, kwani ndiyo kazi aliyoumbiwa. Hapa kwetu kisiwani Savai'i, Samoa, kaka hamsemeshi dada yake hivyo, hata awe amelewa. Telesia alileta chai, akaiweka chini, akaondoka. Baadaye tukasikia amemwomba binamu yao Ioane ambebee sanduku hadi kwenye feri Jumatatu, siku yake ya kwenda mji mkuu, Apia, kuanza kazi ya uuguzi. Sanduku la dada hubebwa na kaka yake. Mama yao alilia, nami nikatamani kuiponda ile simu kwa jiwe.

Sikuiponda. Jumapili alfajiri vijana waliwasha moto wa umu, tanuri letu la mawe, lakini Pesamino hakuonekana. Nilimkuta amejilaza na simu yake. Nikaketi, nikamwomba anionyeshe huyo bwana wake. Alidhani namtega, ila akanionyesha. Bwana alisema kijana aamke mapema, afanye mazoezi, asikate tamaa. Nikakiri kwamba hapo amesema kweli. Pesamino akalegea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wenzake wamepata kazi ng'ambo, yeye amebaki, na ni huyu tu anayemwambia kwamba anaweza kuwa mtu. Roho iliniuma, kwa sababu ni mimi niliyepaswa kumwambia.

Kisha bwana akasema kupika ni kazi ya wanawake. Nikacheka mpaka nikakohoa.

"Huku kwetu mawe ya moto yanageuzwa na nani?"

"Na sisi," akasema.

"Na babu yako walimpa cheo cha matai, ukuu wa ukoo, kwa lipi?"

"Kwa kuwahudumia watu, mjomba."

"Sasa huyu rafiki yako hajawahi kukuna hata nazi moja. Tazama vidole vyake, laini kama vya mtoto mchanga. Inuka bwana, wenzako wanaungua peke yao kule."

Alijizuia kucheka, akashindwa. Alikuna nazi, akakamua tui, akalifunga ndani ya majani machanga ya majimbi, akayapanga juu ya mawe.

Baada ya kanisa, vijana waliwapakulia wakubwa, wao wenyewe wakisubiri kula mwisho kama kawaida. Sahani ya Telesia aliipeleka Pesamino. Akaketi mbele yake, miguu ameikunja, kichwa ameinamisha.

"Dada, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele ya watu hao hao."

Nyumba nzima iliacha kutafuna. Telesia alifungua jani, akaonja, tui likamchuruzika vidoleni.

"Umesahau chumvi," akasema.

Pesamino aliinuka kuifuata. Hajafika jikoni, dada yake akapaza sauti upande wa pili.

"Ioane, kesho usijisumbue. Sanduku langu lina mwenyewe wa kulibeba."

Pesamino alirudi na chumvi, macho yamemlowa, wala hakuyaficha.