Mkataba Kabla ya Mapinduzi

Fomu ilikaa juu ya friji siku nne, na kila siku Colette aliisogeza ili isiwekewe sufuria. Kiwanda cha magodoro kule Mobeni, mtaa wa viwanda, kilikuwa kimekubali kuwapa vibarua wake kazi ya kudumu, baada ya miaka mitatu ya kuvutana na chama cha wafanyakazi. Kila kibarua alitakiwa asaini na kurudisha fomu kabla ya Ijumaa saa kumi. Asiyerudisha, kazi yake ingeishia hapo hapo. Urbain, mwanawe wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa hajasaini.

"Mkataba ni mnyororo, Mama. Kufikia Desemba viwanda vitakuwa vyetu. Nijifunge kwa nini?"

"Desemba ya mwaka gani?"

"Unanichekesha."

"Sikuchekeshi. Nauliza."

Baba yake Colette, huko kwao Uvira, aliwahi kuambiwa na mchungaji kwamba Bwana angerudi kabla ya mavuno. Msimu huo hakupanda muhogo wala maharage. Aliiongoza familia mlimani, wakaimba. Iliyokuja ni njaa, na mwaka uliofuata mchungaji akataja tarehe nyingine. Colette hakuacha kusali. Aliacha tu kuamini watu wenye tarehe.

Alhamisi jioni alifunga saluni yake mapema, akachukua fomu na kalamu, akapanda lifti hadi ghorofa ya tisa ya jengo moja la ufukweni, South Beach. Huko Ruphin, mwalimu wa hesabu, aliwasomesha Urbain na wenzake nadharia za Marx. Vijana sita walikuwa wamekaa sakafuni.

"Karibu, Mama Urbain," Ruphin alisema, akimpisha kiti. "Umekuja kujiunga nasi?"

"Nimekuja kuuliza siku."

"Siku gani?"

"Ya mapinduzi. Huyu amekataa kusaini fomu ya kazi akiyangoja."

Urbain alijifunika uso. "Eish, Mama!"

"Historia haina kalenda, Mama," alisema Ruphin. "Lakini dalili iko. Ubepari uko mahututi."

"Bibi yangu naye alikuwa mahututi, miaka kumi na tisa. Alizika madaktari wawili."

Kijana mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na wewe mwalimu, pale shuleni una mkataba gani?"

"Wa kudumu."

"Huo mnyororo umeuvaa toka lini?"

"Miaka sita." Akamgeukia Urbain. "Kamaradi, mimi sikukwambia usisaini. Chama cha wafanyakazi kimeipigania fomu hiyo. Na asiye wa kudumu hachaguliwi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Utawaunganishaje wenzako ukiwa nje ya geti?"

"Ulisema Desemba!"

"Nilisema huenda."

"Hukusema huenda," alisema Jeancy, aliyekaa karibu na dirisha. Aliinua daftari lake. "Tuliandika."

Safari hii hakuna aliyecheka. Urbain alimtazama Ruphin kama babu yake alivyomtazama mchungaji siku waliposhuka mlimani. Colette alimhurumia mwanawe kwa mara ya kwanza wiki ile, lakini huruma haijazi fomu. Alimwekea kalamu mkononi.

Urbain alisaini akiwa amepiga magoti, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nyumbani hakugusa fufu aliyopikiwa.

Ijumaa saa tano asubuhi fomu ilikuwa imeshapokelewa ofisini Mobeni. Jumapili, Colette alipomwambia avae waende kanisani, Urbain alijibu kutoka kitandani kwamba amechoka na watu wanaoahidi.

Colette alikuwa akifunga kitambaa mbele ya kioo. Alifikiri kidogo, akaona hoja ina uzito.

"Sawa," alisema. "Basi osha vyombo."