Gitaa la Kusindikiza

Esdras alirudi siku ya kumi na mbili tangu aondoke, mkono wa kushoto umeviringwa kipande cha kitenge ambacho hakikuwa cha nyumbani kwao. Alisimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Tamar, mkewe, alimpapasa usoni, mabegani, kifuani, akihakikisha kila kiungo kipo. Alipofika kwenye kitenge kile akasita.

"Usifungue, Mama Ornella," Esdras alisema. "Mukono imekufa."

Habari yenyewe aliitoa kwa vipande, siku baada ya siku. Alikuwa amekwenda Beni na gitaa lake kavu, lisilo la umeme, kupiga kwenye harusi ya binamu yake. Wakati wa kurudi, askari walilisimamisha lori na kuchagua wanaume wa kuwabebea mizigo. Mwaka ule wa 2001 barabara ilipata wenyewe wapya kila mwezi, na hakuna aliyethubutu kuuliza walikuwa askari wa nani. Kila jioni, baada ya mwendo wa kutwa na gunia la chumvi kichwani, walimwamuru awapigie. Jioni ya nne usingizi ulimchukua katikati ya wimbo. Mmoja wao akamwamsha kwa kitako cha bunduki, juu ya vidole, vikiwa bado vimeshika nyuzi. Asubuhi wakamwacha njiani.

Madaktari wa Butembo walivikata vidole viwili, cha kati na cha pete. Kile cha mwisho kilibaki, lakini hakikukunjika tena.

Tamar alilia, na alilia kweli. Lakini chini ya kilio kile, mahali ambapo hata sala zake hazikuwa zikifika, kitu kidogo kiliinua kichwa na kuuliza: sasa nani atapiga solo? Alikikanyaga kama mtu anavyokanyaga kaa la moto. Hakikuzimika.

Kwa miaka tisa wawili hao, na besi nyuma yao, walikuwa magitaa ya kwaya ya kanisa lao, pale Vulamba, mtaa wa Butembo. Esdras alipiga solo. Tamar, aliyefundishwa gitaa na baba yake huko Lubero kabla hajaweza kubeba mtungi, alipiga gitaa la kusindikiza, ambalo wapigaji huliita akompa. Solo hupanda, hudeka, huitwa kwa jina. Akompa huzunguka palepale mpaka mkono uingie ganzi, na watu hugundua kwamba yupo siku akikosea. Nyimbo zilipokwisha, wageni walimkumbatia Esdras, kisha wakamsalimu mke wa Esdras. Wala haikumuuma sana, au ndivyo alivyojiambia. Ila jikoni, uji ukichemka, vidole vyake vilitembea juu ya mpini wa mwiko, vikizipiga solo za mumewe moja baada ya nyingine, na mahali pengine vikimsahihisha.

Pasta Salomon alikuja majuma matatu kabla ya Pasaka. Alizungumza huku macho yake yako ndani ya kikombe cha chai.

"Donc, batu banangoja sikukuu. Solo atapiga nani?"

Esdras ndiye aliyejibu.

"Apige Mama Ornella. Miye nitamufuata."

Siku ile ile Tamar alizilegeza nyuzi za gitaa la akompa na kuzifunga upya kwa namna nyingine, hata kidole kimoja kikilazwa juu ya zote, sauti ilitoka kamili. Mumewe alicheka, mara ya kwanza tangu arudi. Kidole kimoja kilitosha. Tatizo halikuwa vidole.

Kwenye mazoezi, kila waimbaji walipopumzika na kuyaachia magitaa, mkono wa Esdras uliondoka mahali pake, ukapanda kutafuta njia ya juu, njia ambayo haukuweza tena kuipita. Mzunguko ukavunjika. Wakaanza upya. Ukavunjika tena.

"Baba Ornella, baki pale."

"Pale ni wapi?"

"Pale miye nilikuwa."

Esdras aliuondoa mkono kwenye nyuzi. "Sikujuaka ulikuwa wapi," akasema.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka madirishani. Waimbaji walipoinyamazia sebene, sehemu ya magitaa peke yake, Tamar alifumba macho akapanda. Miaka tisa ya mpini wa mwiko ilimtoka vidoleni. Alisikia vigelegele, akasikia jina lake likiitwa, jina lake mwenyewe, na furaha iliyomshika ilikuwa kubwa kiasi cha kumtia aibu. Nyuma yake mzunguko ulikatika. Ukaokotwa. Ukakatika tena, kisha ukanyamaza.

Aliusikia. Mpiga akompa husikia kila kitu. Nafasi ilikuwepo ya kushuka na kumshikilia mumewe, jinsi alivyokuwa akifanya kila Esdras alipopotea. Vidole vyake vikakataa. Vikaendelea kupanda.

Alipofumbua macho, gitaa la akompa lilikuwa limelazwa kwenye benchi.

Nyumbani alimkuta Ornella, binti yao wa miaka minane, amekaa kizingitini.

"Baba ameenda Beni," mtoto alisema. "Amesema tusimungoje."

Walimngoja hata hivyo, miaka miwili. Barabara ilipoanza kupumua, Tamar alipanda lori. Alimkuta kwa mjomba wake karibu na soko la Beni, katika joto lile, akijaza mawese katika chupa. Alikuwa amekonda. Alimpa mkewe kigoda, naye akabaki amesimama.

"Rudi nyumbani."

Esdras alifunga chupa moja, akaipangusa. "Siku ile ya Pasaka, ulisikia nimeacha?"

Angeweza kudanganya. "Nilisikia."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Hata miye ningeendelea," Esdras alisema polepole. "Ndiyo ile inaniuma. Miaka tisa, mara ngapi uliacha, na miye sikusikia?"

Tamar hakuwahi kuacha hata mara moja, na hilo lilikuwa gumu zaidi kumwambia.

Mchana Esdras alimsindikiza hadi kwenye lori, akampa chupa ya mawese ya kumpelekea Ornella. Hakuna aliyetaja tena neno kurudi. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda alipouliza:

"Akompa iko nani sasa?"

"Providence, ule mushonaji wa Mususa."

"Anapiga muzuri?"

"Anakimbia."

"Umwambie angoje besi. Asiogope kubaki pale."

"Nitamwambia."

Lori liliondoka. Esdras alibaki kando ya barabara, mkono wa kulia ukigonga paja, midomo ikihesabu mapigo. Tamar aliinama juu ya ukingo, akatega sikio ajue ni solo au akompa, lakini injini ilikuwa ikinguruma.