Foleni ya Gavana

Wiki nzima kabla ya uchaguzi sikukaa. Nikiketi, miguu inanyanyuka yenyewe. Nikisimama, naenda dirishani kutazama mabasi ya Stratford Road yamejaa watu wenye mahali pa kwenda. Binti yangu Luul akaniuliza, "Mama, una nini? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Natafuta kura," nikamwambia.

Akacheka. Watu wamenizoea hivi: nikisema kweli wanadhani mzaha, nikifanya mzaha wananiitia daktari.

Chama chetu cha Waswahili wa Sparkhill, hapa Birmingham, kina gavana. Msicheke. Kilipoanzishwa, sisi Wasomali tuliokulia Kenya tulitaka mwenyekiti, Wakongomani wakataka prezidaa, Watanzania wakataka katibu kwa sababu walikuwa wawili tu na mmoja wao ana mwandiko mzuri. Tukagombana mpaka chai ikapoa. Ndipo mtu akasema basi tumwite gavana, jina ambalo hakuna aliyelipenda, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Gavana wetu ni Mubarik Sugow. Alikuwa amekikalia kiti vipindi viwili, na mwaka huo wa 2006 alitaka cha tatu. Ni kaka mkubwa wa Mohamedamin, na Mohamedamin ndiye mume wa Luul, na nyumba ya Mohamedamin ndimo ninamolala. Mnaona mambo yanavyofungana.

Mubarik si mtu mbaya, nisimsingizie. Ukiitwa hospitali atakwenda nawe akutafsirie, na ugonjwa wako atautangaza kwa sauti kubwa kuliko daktari. Karibu kila nyumba amewahi kuitendea jambo. Shida yake ni moja: alitaka ofisi. Gavana gani, alisema, anafanya kazi kwenye kiti cha plastiki? Akaahidi kwamba akirudishwa, jiko la ukumbi litavunjwa, liwekwe meza, kompyuta, na picha yake.

Jiko lile lilikuwa langu. Sina maana kwamba nililinunua. Ukumbi ni wa Harjit, uko juu ya duka lake la vitambaa, na nyuma kuna jiko lenye meko manne, mawili yakiwa mazima. Kila Jumanne na Alhamisi mimi na Léocadie, mama wa Kikongomani kutoka Bukavu, tunawapikia wazee wenzetu. Nyumbani siruhusiwi kushika hata kiberiti. Siku moja niliunguza sufuria ya maharage, king'ora cha moshi kikalia, majirani wakatoka na malapa, na tangu siku hiyo Luul ananiambia, "Mama, wewe pumzika tu." Kupumzika huko, jamani, ndiko kunakoua watu. Bila jiko lile ningebaki kwenye kochi nikitazama wazungu wakiuziana nyumba kwenye televisheni mpaka roho itoke.

Aliyesimama kumpinga Mubarik alikuwa Valérie, mama wa makamo anayehudumia wagonjwa. Alisema jiko libaki na meko mabovu yatengenezwe. Kila mtu alimpenda. Lakini kupendwa na kupigiwa kura ni vitu viwili, kwa sababu chama chetu hupiga kura kwa mlolongo. Wagombea wanasimama mbele, na wewe unakwenda kusimama nyuma ya mtu wako, mchana kweupe, macho yote yakikutazama. Sasa nani atampa mgongo Mubarik, na jana tu Mubarik huyo amemsindikizia mke kliniki? Na mimi, nimpe mgongo kaka wa mkwe wangu, halafu jioni nikale sahani ya nani?

Hapo ndipo nikawaza. Na mimi nikiwaza, afadhali watoto wafichwe.

Nikampigia simu Léocadie. "Mama Déborah, una wakwe wangapi?"

"Wakwe wa kiume? Watatu. Israël na wale ndugu wawili. Kwa nini?"

"Wote ni watu wa Gavana?"

"Wote. Wanamuogopa kuliko polisi."

"Sasa nisikilize. Israël anaweza kusimama karibu nawe?"

Akashtuka. "Mukwe? Karibu na miye? Haki ya Mungu, hata kunipita kwa mulango hawezi!"

Basi. Sisi na Wakongomani tumeachana kwa dini, kwa mapishi na kwa jinsi ya kulia msibani, lakini kwenye jambo la mkwe tumezaliwa tumbo moja. Mwanamume hamkaribii mama wa mkewe. Mohamedamin ameishi nami nyumba moja miaka sita na bado ananisemesha kupitia kwa Luul. "Luul, muulize mama kama anataka chumvi." Nami nipo pale, chumvi iko mbele yangu.

Na ukumbi wa Harjit, Mungu ambariki, ni mwembamba kama soksi. Foleni ikiwa ndefu inajikunja, watu wanasimama kifua kwa mgongo, na wa mwisho anajikuta anapumuliana na wa kwanza. Kwa hiyo mpango ulikuwa huu: sisi mama wakwe wote twende foleni ya Gavana, mapema, tuijaze. Wakwe zetu wakija watakosa pa kusimama, na kwa kuwa lazima wasimame mahali, watakwenda kwa Valérie. Sisi ni wazee sita. Wakwe zetu hawahesabiki.

"Weye mama," Léocadie akasema, "uko na akili mubaya sana." Kisha akacheka mpaka simu ikakatika.

Siku tano nikawa njiani. Nikapanda basi hadi Handsworth kumshawishi mmoja, nikarudi Sparkhill, nikazunguka kwa miguu kumtuliza mwingine aliyeanza kuogopa. Valérie mwenyewe sikumwambia. Alipopata fununu akanikamata nje ya duka la nyama. "Mama Luul, nasikia wazee wote mnakwenda kwa Gavana. Hata weye?"

"Hata mimi," nikasema.

Akanywea. Niliumia, lakini siri ukimgawia mgombea ni sawa na kumpa kipaza sauti.

Jumapili ikafika. Saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa, madirisha yanatoa jasho. Norbert, aliyekuwa mwalimu huko Uvira, alikuwa msimamizi, na kengele ndogo ya shaba mkononi. Valérie akasimama kushoto, koti limefungwa mpaka kidevuni. Mubarik akasimama kulia, suti ya kijivu, manukato yanamtangulia.

Sisi wazee tukanyanyuka wa kwanza, tukamwendea Gavana. Alivyofurahi! "Mnaona?" akapaza sauti. "Mama zetu wamesema! Leteni viti, mama wakalie."

"Katiba inasema kusimama, Gavana," nikamjibu. "Tutasimama."

"Mama Luul, moyo wako ni wa chuma!"

Nikainamisha kichwa kwa adabu. Wanawake wakaja, vijana wakaja, foleni ya Gavana ikafika ukutani, ikajikunja, ikaanza kurudi kwetu. Kwa Valérie nako walikuwapo, wengi kuliko nilivyodhani. Ndipo wakaja wakwe.

Israël alitangulia. Alikuja kwa hatua za mtu anayejua aendako, akafika mkiani mwa foleni, akainua macho, na hapo hapo mbele ya pua yake ni Léocadie. Akasimama ghafla kama aliyesahau watoto dukani. Akatazama upande wa Valérie. Akamwona Mubarik anamtazama akitazama.

"Israël, njoo!" Gavana akamwita. "Nafasi ipo."

"Nakuja, Gavana. Navuta sigara kidogo."

Israël havuti sigara. Akashuka ngazi akaenda barabarani.

Wa pili akaja, akamwona Léocadie, akakumbuka gari lake limeegeshwa vibaya. Wa tatu hakutoa hata sababu. Kisha Mohamedamin wangu akaingia, akaniona, nikamwona, akaweka simu sikioni. "Halo? Halo?" Simu haikuwa imelia. Akatoka akiwa bado anasema halo.

Wanaume wakawa wanamwagika kwenye ngazi kama maji. "Lakini wanakwenda wapi?" Norbert akauliza. Nami nikatambua kwamba nilikuwa nimekosea hesabu, na kosa hilo angeliona hata mtoto. Nilidhani mwanamume asiyeweza kusimama kulia atasimama kushoto. Sikukumbuka kwamba kuna nje. Wakwe wamepotea, sawa, lakini kwa Valérie hakuongezeka hata mmoja, na kura sita za wazee, kura zetu wenyewe, zilikuwa zimekaa vizuri mfukoni mwa Mubarik.

Léocadie akanifinya mgongoni. "Mama Luul. Tunafanya nini sasa?"

"Nyamaza, nawaza."

"Usiwaze tena, tafazali."

Norbert akahesabu vichwa, akirudia mara mbili. "Mama Valérie, ishirini na wawili. Gavana, ishirini na watatu." Ukumbi ukavuma. "Nahesabu mara ya mwisho, kisha napiga kengele. Asiyeridhika na mahali alipo, ahame sasa."

Hakuna aliyetikisika. Mubarik alikuwa ameanza kupokea mikono. Nyuma yake mlango wa jiko ulikuwa wazi, na mtu, sijui nani, alikuwa ameshapima ukuta na kuchora kwa chaki mahali pa meza.

Nilimtazama Luul. Alikuwa nyuma yangu, foleni hiyo hiyo, pamoja na wifi zake wote. Akanisoma usoni. Ndiye mtu pekee mjini Birmingham anayejua sura yangu nisipofanya mzaha.

"Mama, usifanye hivyo," akanong'ona. "Tutaambiwa nini?"

"Mtaambiwa mama yenu amezeeka."

Nikatoka. Ule ukumbi mwembamba kama soksi ulikuwa mpana kama uwanja wa ndege. Nasikia kandambili zangu, pwata, pwata. Nikapita mbele ya Mubarik.

"Mama Luul," akasema polepole, "umepotea njia?"

"Nilikuwa nimepotea. Sasa nimeiona."

Nikasimama nyuma ya mtu wa mwisho wa Valérie. Hakuna mzee aliyenifuata. Léocadie alifumba macho, nadhani alikuwa anasali, au anajificha. Lakini hakukuwa na haja. Norbert akahesabu kidole kwa kidole, midomo inacheza. Kwa Valérie ishirini na watatu. Kwa Gavana ishirini na wawili. Akatazama tena, akapiga kengele.

Kelele zilizofuata mnaweza kuzijaza wenyewe. Valérie alilia. Mubarik alifunga vifungo vya koti, akafungua, akafunga tena, akawapa watu mkono mmoja mmoja kama bwana harusi ambaye harusi imevunjika. Aliponifikia mimi mkono ukarudi mfukoni.

Nikaingia jikoni nikaweka birika kubwa motoni. Kiberiti cha kwanza kikazima, cha pili pia, cha tatu kikashika. Kupitia dirishani niliwaona wakwe wote wamejipanga kando ya barabara, foleni nzuri kuliko zote za siku ile, wanapulizia vidole kwa baridi. Habari ilikuwa imeshawafikia.

Luul akaja mlangoni, macho mekundu. "Mama, Mohamedamin yuko kwenye gari na kaka yake. Anasema tuondoke. Hakusema kama na wewe umo."

Nikashika kitambaa nikafuta meza iliyokuwa safi. Nikaifuta tena.

"Nenda nao," nikasema. "Mimi maji hayajachemka."

Hakwenda. Wala hakuingia. Alisimama kizingitini, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, na chini kule gari likapiga honi.