Kiti Hakikupimwa

Ndugu zangu wawili walipima kila kitu siku ile isipokuwa kitu kimoja, na kitu hicho nilikuwa nimekikalia mimi. Nasema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za magari. Magari siyapendi. Nayahitaji, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Gari lenyewe ni la marehemu baba, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Baba alikuwa fundi bomba, na kwa miaka kumi na tisa alilipakia mabomba, saruji na matangi mpaka chesisi ya nyuma ikalegea. Ukipita kwenye tuta, bodi inajinyonga, kitasa kinaachia, mlango unafunguka wenyewe. Kwa watu wengine hiyo ingekuwa kero tu. Mimi kiti changu cha magurudumu kinakaa humo nyuma.

Wiki tatu kabla, tukiwa njiani kwenda kwenye usaili, mlango ulifunguka tutani na kiti kikaenda zake barabarani. Lori likakikwepa kwa bahati. Nilifika kwenye kiwanda cha uchapaji nimechelewa saa nzima, gurudumu limepinda, kiti kinakwenda upande kama kaa. Meneja, mama mmoja mwembamba wa maneno machache, alinipa kurasa kumi nisahihishe. Niliyaona makosa yote, pamoja na mawili ambayo yeye mwenyewe hakuyajua.

"Kazi ni yako," akasema. "Jumatatu ya tarehe moja, saa mbili kamili. Ukinijia saa mbili na robo nampa aliyekufuatia, na usinilaumu."

Sikuwa na la kumlaumu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kunitoa nje ya geti la kwetu.

Basi Jumamosi ya mwisho ndugu zangu wakaingia uani na zana. Kaka mkubwa ni mchomeleaji wa vyuma, tunamwita Cheche, kwa kazi yake na kwa hasira zake. Mdogo wangu ni seremala, naye tunamwita Futi, kwa sababu ya futi ya chuma inayoning'inia kiunoni mwake hata akienda msibani.

Cheche aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, kisha akaingiza kidole kwenye upenyo kati ya mlango na bodi. Kidole kikazama mpaka pingili ya pili.

"Mnaona? Hapa hakuna mgonjwa, hapa kuna maiti," akasema.

"Maiti yenyewe inatakiwa kazini Jumatatu," nikamjibu.

Mpango wao ulikuwa kukaza nyuma yote kwa vyuma vya kujitengenezea. Kimoja kivuke buti, kishike minara miwili, pale shokamzoba zinapofungwa kwa juu, kulia na kushoto. Viwili vikatane mshazari nyuma ya siti, na kimoja kipite chini ya sakafu. Vyuma vilitoka kwenye geti letu la zamani, ambalo mama alikuwa amelihifadhi akisema ipo siku litafaa. Siku ikawa hiyo, na mama hakuacha kutukumbusha.

Futi alipima. Alipima mnara mpaka mnara, sakafu mpaka dari, upana wa mlango juu na chini, akaandika namba kwa penseli mkononi mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa barazani, hatua nne tu kutoka kwao.

"Kiti mmekifikiria?" nikauliza.

"Tulia wewe, mambo yako mikononi mwa mafundi," akasema Cheche ndani ya buti.

Futi akanitazama, akakitazama kiti, akafumba jicho moja. "Kitaenea tu, dada. Nimekikadiria."

Huyu ni seremala ambaye hakati mguu wa kigoda bila kuupima mara tatu. Nilijua kuna jambo, nikanyamaza. Sehemu yangu ya kosa ni hiyo, naikiri.

Saa kumi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Cheche akainua tena gurudumu, akaomba karatasi, akajaribu kuipenyeza pale kilipozama kidole. Karatasi ikagoma. Mama akatoka jikoni na taulo begani, akalisukuma gari kwa nyonga, likakaa kimya.

"Sasa lina msimamo kuliko wanangu wote," akasema.

Jumapili baada ya chakula tukasema tukalijaribu barabarani. Cheche akanibeba, akaniweka siti ya mbele. Futi akasukuma kiti kwenda nyuma. Nikasikia chuma kikigonga chuma. Kisha kimya, kisha chuma tena. Walikijaribu kwa ubavu, wakakijaribu kichwa chini, wakatoa hata pedali za miguu. Gurudumu lilikuwa linakwama kwenye kile chuma kinachovuka buti, na nafasi iliyokosekana ilikuwa ya vidole vinne.

"Si wewe mpimaji?" Cheche akafoka.

"Si wewe uliyechomelea?"

"Nimechomelea ulichopima!"

Wakaendelea hivyo, fahali wawili kwenye buti moja, mpaka nikapiga honi.

"Futi," nikamwita. "Kwa nini hukukipima kiti?"

Akaja dirishani. Macho yalikuwa kwenye viatu vyake. "Ulikuwa umekikalia."

"Kwa hiyo?"

"Sikutaka kukwambia ushuke. Ningeonekanaje, dada? Nakuja na futi yangu kukupima, kama kabati."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikaona anavyoifungua na kuifunga ile futi, hasira ikashuka nusu. Nusu tu.

"Kuuliza si ujinga," nikamwambia. "Ujinga ni kunionea haya miaka yote hii, na kazi ni kesho."

Baba hakunionea haya. Nilipokuwa na miaka saba alinilaza juu ya meza ya chakula, akanipima kwa kamba, akipiga fundo kila alipofika kwenye goti, nyonga, kwapa. Namba alimpigia mama kelele jikoni aziandike. Akasema nina mgongo mrefu kama wa mama yake, tutahitaji bomba la ziada. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kutokana na vipimo hivyo alinitengenezea kiti changu cha kwanza, cha mabomba ya maji.

"Nishusheni chini, mkipime," nikasema.

Wakanitandikia mkeka uani. Futi akapima kiti kwa mara ya kwanza tangu kiingie nyumbani kwetu: gurudumu sentimita sitini na moja. Cheche akakata kile chuma kwa grinda, akakaa juu ya sanduku la zana akikuna kichwa. Vile vingine vinabaki, akasema, ila hiki cha juu lazima kiwe upinde, kipite juu ya gurudumu. Linatakiwa bomba nene lililokwisha kupindwa. Mtambo wa kupindia ulikuwa karakana, na mwenye ufunguo alikuwa safarini mpaka Jumanne.

Tukatazama upande wa stoo, wote watatu.

Kile kiti cha kwanza alichonitengenezea baba kimetundikwa humo kwenye msumari. Mgongo wake ni bomba moja lililopindwa kwa moto, limepanda, limezunguka, limeshuka. Tangu baba afariki hakuna aliyekigusa ila mama, kukifuta vumbi.

"Hapana," akasema Cheche. "Cha mzee hakikatwi."

"Tukodi teksi wiki ya kwanza," akasema Futi.

"Na ya pili?" nikauliza. Lakini hata mimi sauti haikuwa na nguvu, kwa sababu mama alikuwa amesimama mlangoni.

Mama akaingia stoo. Akatoka amekikumbatia kile kiti, akawapita wanawe wawili wakubwa kama vile ni ndoo tupu, akakiweka mbele yangu kwenye mkeka.

"Hiki ni cha nani?" akauliza.

"Changu," nikasema.

Akawageukia. "Basi muulizeni mwenyewe."

Hawakuuliza. Nikaomba msumeno wa chuma, nikakata mwenyewe. Ulikuwa butu, na Cheche aliteseka kuona ninavyouendesha, lakini alijua akisema neno msumeno utahamia mkononi mwake. Bomba lilipoachia, mchanga ukamwagika mapajani mwangu, mkavu, wa kujaa kiganja. Baba alikuwa ameujaza ndani ili bomba lisibonyee wakati wa kulipinda, halafu hakuumimina wote.

"Nilimwambia kiti kizito!" mama akasema. "Miaka yote nilimwambia. Akasema ni uvivu wangu wa kusukuma."

Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akarudi kwenye vyombo vyake. Mimi nililia zaidi yake, na sioni haya kulisema.

Safari hii Cheche alifunga kwa bolti, upinde wa baba katikati, vipande vya kile chuma alichokikata huku na huku. Alisema nati za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, mzigo wote ndani, la sivyo chuma kitashika bodi ikiwa imejinyonga. Kwa hiyo nilikaa mbele na kiti changu kikakaa nyuma, chini ya mgongo wa kile cha kwanza, na wao wakakaza. Wakajaribu tena kwa jeki. Karatasi ikagoma.

Jumatatu Futi ndiye aliyeendesha. Tulipolifikia lile tuta alishika usukani kwa mikono miwili na kuacha kupumua. Gari likapanda, likashuka. Nyuma hakukusikika kitu. Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili nilikuwa mbele ya meneja.

Ndipo tulipogundua meza. Mikono ya kiti changu ilikuwa inagonga ukingo wake, na mimi nikabaki mbali na kurasa, kama mgeni aliyekaribishwa chakula akakalishwa mlangoni. Watu sita wakainua vichwa.

"Tutaangalia meza nyingine," akasema meneja. "Labda wiki ijayo."

Nilimtazama Futi, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni. Nilimjua. Angetazama viatu, angesema kwaheri, na mimi ningenyamaza.

Akarudi. Akapiga magoti sakafuni mbele ya wote, akaivuta futi kiunoni.

"Dada, kaa wima nikupime," akasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Magoti, sitini na tatu. Andikeni."

"Aandike nani?" akauliza meneja.

"Wewe, mama. Si una kalamu?"

Meneja akaandika. Nami nikaunyoosha mgongo wangu, ambao ni mrefu kama wa bibi, nikakaa nipimwe.