Ombi la Ruhusa Lililokuwa na Homa

Kila Ijumaa saa nne asubuhi mkuu wa ofisi aliifungulia printa. Siku nyingine aliifunga ili kuokoa karatasi, na faili zilizotumwa zilikaa kwenye foleni zikingoja. Karani aliujua utaratibu huo. Kompyuta za pale hazikuwa na picha za kubonyeza, ni maandishi matupu: aliandika herufi mbili, lp, kisha jina la printa na jina la faili. Aliyemfundisha ni mdogo wake, fundi wa mitambo, aliyekuwa akitumia naye meza moja.

"Dada, huyu ni kama mama mkwe," alikuwa akimwambia kuhusu printa. "Ukimkosea jina, haitiki."

Jumanne moja mdogo wake aliamka na homa. Ruhusa ya ugonjwa haikuombwa kwa mdomo. Ilitakiwa karatasi, na karatasi itoke kwenye printa ya ofisi. Akaandika mistari minne, akaituma. Karani alimfuata mkuu na kumwomba afungue printa mara moja tu, akajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Akarudi mezani, akamwambia mdogo wake avumilie, Ijumaa si mbali. Alhamisi mchana mdogo wake alilaza kichwa juu ya kibodi, na herufi moja ikajiandika hadi ikajaza skrini nzima. Hakuamka.

Ijumaa saa nne ombi lake lilitoka la kwanza, likiwa na joto. Karatasi zote hutoka na joto kidogo, lakini hili halikupoa. Jumatatu bado lilikuwa la moto. Muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyekuja kuchapishiwa fomu, akalipima: nyuzi thelathini na tisa na nusu. Akashauri likandwe kwa maji. Karani akawa analikanda kila baada ya saa moja, na wino haukuchujuka. Alasiri lilipoanza kutetemeka alilifunika kwa shali yake.

Siku moja tarishi, mtu asiye na ubaya na mtu, aliweka kikombe cha chai juu yake ili kisipoe. Karani akakiondoa.

"Nisamehe, dada," tarishi akasema. "Nilisahau kuwa anaumwa."

Karani alitaka kitu kimoja tu, saini. Aliamini likisainiwa litapata nafuu. Wiki ya tatu mkuu alikubali kumwona. Alilishika kwa ncha za vidole, akauliza kwa nini limecheleweshwa, kisha akasaini: siku tatu, arudi kazini Jumatatu. Jioni ile ombi lilitokwa na jasho, likaacha alama ya maji mezani, likapoa.

Jumatatu mdogo wake hakurudi. Mkuu alimwita karani, akamsomea barua ya kuandika: mtumishi ametoroka kazini bila taarifa. Karani akaiandika neno kwa neno. Akaweka herufi mbili, jina la printa, jina la faili. Hakukosea jina. Kisha akaiuliza kompyuta kuna nini kwenye foleni, ikajibu kwamba kuna barua moja, inangoja.

Saa moja ilipopita alilowesha kitambaa, akakikamua, akalifunua ombi. Ndipo akakumbuka kwamba hakuna tena wa kukandwa.