Historia ya Kiwanda cha Transfoma, Kurasa Tisa

Kiwanda cha transfoma kilipotimiza miaka hamsini, meneja aliniomba niandike historia yake. Walioijua vizuri zaidi wamekwisha kufa, ndiyo maana. Hata hivyo nilivimba kichwa, nikanunua kalamu mpya na kuagiza nyumba nzima inyamaze.

Nikaandika kurasa tisa: jinsi mashine za kiwanda cha nguo cha jirani zilivyokuwa zikiendeshwa kwa mvuke, jinsi sisi tulivyotengeneza transfoma yetu ya kwanza, na jinsi asubuhi moja mashine zile zilivyoanza kunguruma kwa umeme, watu wakajaa barabarani kushangaa. Katika kurasa nane nilikuwemo mimi. Ya tisa ilihusu baiskeli yangu.

Koili ya transfoma ile, yaani waya wake wa kuzungushwa, niliisuka peke yangu, niliandika. Hapo sikutia chumvi, nilimwaga gunia zima.

Mke wangu alifanya kazi chumba cha koili miaka ishirini na miwili. Nikampa asome, nikakaa mbele yake kungoja sifa. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mzee, hii koili uliyosuka wewe ni ipi?"

"Ya kwanza. Si unaijua?"

"Naijua. Ndiyo tuliyoifumua."

Nikajitia kukohoa.

Katika chumba kile, kila ukizungusha waya mara mia, ulichora mstari wa chaki kwenye benchi ili usipoteze hesabu. Mimi, mgeni wa kazi na mjuaji wa kila kitu, nilichora mstari wangu, nikaenda kunawa mikono, nikarudi nikachora tena. Koili ikapungukiwa mizunguko mia moja. Mke wangu, ambaye wakati huo hakuwa hata mchumba, ndiye aliyegundua. Yeye na wenzake waliifumua na kuisuka upya saa ya chakula, na njaa zao, kabla msimamizi hajarudi kunifukuza. Mimi nilishika kibiringo cha waya na kutoa ushauri. Hayo yote nilikuwa nayajua, ila ile hadithi nyingine nilikuwa nimeisimulia mno, hata mikono yangu ikaiamini.

"Ukijisifu barazani mimi sina neno, nimeshazoea," alisema. "Lakini hii ni karatasi, mzee. Tukiondoka, itabaki hiyo. Mle ndani tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na humu hayumo hata mmoja."

Niliona aibu, na haikuwa ile ya kuchekea. Nikakata ukurasa mzima kwa kalamu yangu mpya.

"Nitajie majina, mama watoto."

Ilibidi anitajie, maana mimi sikuwa nayo. Miaka yote niliwaita "wale wa koili", na mmoja wao nikamwoa.

Alitaja, nikaandika: aliyekata karatasi za kufunikia waya, aliyefanya kazi mpaka siku ya kujifungua, na yeye mwenyewe, ambaye nilimwandika kwa herufi kubwa akaniambia nipunguze. Tulifika kumi bila shida.

"Wa mwisho ndiye aliyenifundisha kazi," alisema. "Alikaa dirishani. Alisuka kwa mkono wa kushoto."

Akafumba macho. Midomo yake ilijaribu jina moja, ikaliacha, ikajaribu jingine. Nikangoja na kalamu mkononi.

"Wewe unamkumbuka?"

Mwanahistoria wa kiwanda akatikisa kichwa.

"Mwaka jana nilikuwa nalo," alisema mke wangu. "Ungeniuliza mwaka jana."