Mkono wa Aslaug

Mjumbe wangu hana miguu, lakini hupanda ghorofani mimi nimesimama chini. Ni nani? Hata mtoto atakujibu: sauti. Basi Gunvor Tveitane, mwigizaji wa mji wa Bergen, alikuwa amempoteza mjumbe wake.

Alianza jukwaani angali msichana, akicheza malkia wa tamthilia za kale, kisha sinema zikamchukua miaka mingi. Kwenye sinema unanong'ona tu, kamera inakufuata yenyewe mpaka puani. Sasa alikuwa amerudi jukwaani, na onyesho la kwanza ni kesho.

"Bi Gunvor, nikuvalishe kipaza sauti kidogo tu, kwenye nywele," alisema Sverre, mwongozaji, kijana mwenye adabu.

"Nivalishe na kengele basi, kama mbuzi!"

Wakapatana. Aslaug, shoga yake aliyecheza naye tangu ujana, apande roshani ya juu kabisa. Kila sentensi atakayoisikia, anyooshe mkono. Asiposikia, kipaza sauti kitavaliwa.

Gunvor akaanza, akitembea huku na huko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkono ukainuka. Ukainuka tena. Ilimpasa afurahi, ila moyo ulikataa kutulia. Mbona umeinuka hata pale sauti ilipomkwama? Akachezesha midomo mitupu. Mkono juu!

"Aslaug! Umesikia nini hapo?"

"Yote, mwenzangu! Tamu kama asali!"

"Sijasema kitu, mwongo wee!"

"Sasa nikuache uvishwe kengele? Maneno yenyewe nayajua kwa moyo!"

Mafundi wa taa wakaangua kicheko. Gunvor hakucheka. Angeweza kuunyamazia uongo huo, na kesho watu wa roshani, watakaokuja wameloa mvua kwa ajili yake, wangeondoka wameona midomo tu.

"Shuka," alisema. "Sverre, panda wewe."

Sentensi ya kwanza, mkono wa Sverre chini. Ya pili, chini. Gunvor akazidi kutangatanga mpaka akajikuta ukingoni mwa jukwaa, hana pa kwenda tena. Akasimama, kwa kukosa njia. Pumzi ikamshuka tumboni, ilikokuwa ikikaa zamani. Akaisema ya tatu polepole, wala hakupiga kelele.

Sverre akanyoosha mkono.

"Na huyo naye mwongo?" Aslaug akauliza kutoka ngazini.

"Hebu nyamaza, nimpe ya nne." Nyayo zilikuwa zikimwasha Gunvor zitembee. Akazinyima ruhusa.